Tom Mboya na Kura Zisizouliza Kabila

Hapa Kware kwenye nyumba za kupanga, mlango wa kushoto ni Mkamba, wa kulia Mluo, na mwenye ploti huenda akawa Mmaasai. Tunaazimana chumvi mwaka mzima. Lakini uchaguzi ukikaribia, utasikia watu wanaanza kuulizana majina ya baba. Ndiyo maana nimeamua kuwaeleza maisha ya Thomas Joseph Mboya.

Mboya alizaliwa mwaka wa 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Wazazi wake walikuwa Waluo wa kisiwa cha Rusinga, lakini yeye alikua kati ya Wakamba na Wakikuyu, akazijua lugha zao. Alikuwa mkaguzi wa afya mjini Nairobi, kisha akawa kiongozi wa wafanyakazi. Huko mtu haulizwi ametoka wapi, anaulizwa analipwa shilingi ngapi.

Mwaka wa 1961 alisimama Nairobi Mashariki, ambako wapiga kura wengi walikuwa Wakikuyu, na mpinzani wake, Dakta Munyua Waiyaki, alikuwa Mkikuyu. Kwa hesabu ya kabila, Mboya angeanguka. Wapi! Alipata kura zaidi ya 31,000, na mwenzake hakufikisha hata 3,000.

Je, ukabila ulikwisha? La. Mwaka wa 1966 Oginga Odinga alipotoka KANU na kuongoza KPU, Mboya alibaki KANU, na Waluo wengi wakamwona msaliti. Ndani ya KANU nako wako waliohofia kwamba angemrithi Rais Kenyatta. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi mjini Nairobi, akafa akiwa na miaka 38. Aliyehukumiwa kwa mauaji hayo alikuwa Mkikuyu, na uhasama wa kikabila ukawaka. Mtu aliyechaguliwa na makabila mengi sasa akahesabiwa kuwa wa kabila moja tu.

Kwa maoni yangu, kabila si dhambi. Mboya mwenyewe alizikwa kwao Rusinga. Ubaya unaanza pale mwanasiasa anapolitumia ili tusimuulize habari za maji, barabara na karo. Wenzangu wa kidato cha nne, karibu tutachukua vitambulisho, na kadi ile haina nafasi ya kabila. Wapiga kura wa 1961 waliweza, mbona sisi tushindwe?