Mcheza Kwao Hutunzwa? Kadenge na Hesabu Isiyolingana

Watu wa pwani tunaofanya kazi Nairobi tuna mjadala mmoja usiokwisha. Utausikia nje ya Msikiti wa Jamia baada ya swala, utausikia kwenye vibanda vya chai katikati ya jiji, na ukipanda matatu ya 46 kuelekea Kawangware utaukuta umeshatangulia kupanda. Ni nani mshambuliaji hodari kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ya Kenya? Vijana humtaja Michael Olunga, na wa rika langu humtaja Dennis Oliech. Mzee mmoja hatakosekana wa kusema kwamba wote hao ni watoto, mwenyewe ni Kadenge. Vijana hucheka, humwuliza mzee Kadenge alifunga mabao mangapi, na mzee hana jibu. Mjadala huishia hapo.

Mimi naona mzee yule anaonewa, ndiyo maana leo, ndugu msomaji, nataka tumtazame marehemu Joe Kadenge kwa utulivu. Akipunjwa yeye aliyekuwa na jina kubwa nchi nzima, basi wachezaji wetu wa Mombasa wa zama zake wamepunjwa mara mbili.

Joseph Kadenge alizaliwa mwaka 1935, katika sehemu ambayo leo ni Kaunti ya Vihiga. Alikua chini ya serikali ya kikoloni, wakati Mwafrika alicheza kandanda baada ya kazi na hakuna aliyefikiria kwamba kuupiga mpira kunaweza kuwa ndiyo kazi yenyewe. Aliichezea Maragoli United, na baadaye Abaluhya United, klabu iliyoundwa mwaka 1964 kwa kuunganisha timu kadhaa za watu wa magharibi, na ambayo sasa tunaijua kwa jina la AFC Leopards.

Katika timu ya taifa, mashindano makubwa ya siku hizo yalikuwa Kombe la Gossage. Lilianza mwaka 1926 kwa Kenya na Uganda peke yao, kwa zawadi ya kampuni ya sabuni ya Uingereza. Tanganyika iliingia mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Hakukuwa na Kombe la Afrika hadi mwaka 1957, na Kenya haikufika huko mpaka mwaka 1972. Kwa hiyo Kadenge alipokuwa katika ubora wake, dunia yake ya kandanda ilikuwa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Unguja. Humo ndimo alimojengea jina.

Mshambuliaji hupimwa kwanza kwa namna anavyoupokea mpira. Bao huja baadaye. Kuna wanaoupokea wakaupoteza hapo hapo, na kuna wanaoutuliza kwa mguso mmoja, beki akajikuta anatafuta kitu ambacho hakipo tena mbele yake. Waliomwona Kadenge wanamweka katika kundi hili la pili. Mpira ukimfikia ulikaa. Aliusukuma, akauficha, akapiga chenga, akapita. Tukumbuke na alipokuwa akicheza. Mpira ulikuwa wa ngozi, ukilowa unakuwa mzito kama jiwe, na viwanja vingi vilikuwa na vumbi kiangazi na matope masika.

Sasa pwani ilimjuaje mtu huyu? Kwa redio. Sauti ya Kenya ilitangaza kutoka jengo lake pale katikati ya Nairobi, karibu na Chuo Kikuu, na mtangazaji aliyempa Kadenge umaarufu alikuwa mtoto wetu, Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa, wa ukoo wa Freretown. Mbotela alikuwa akiufuata mpira kwa mdomo. Kadenge alipoupata na kukataa kuuachia, mtangazaji hakuwa na la kusema ila kulirudia jina lake na kwamba mpira anao. Maneno hayo matatu, Kadenge na mpira, yaliganda katika lugha. Mpaka leo mtu asiyejua hata Kadenge alicheza timu gani huyasema akimwona mtu ameshika jambo na haliachii.

Baba yangu hakuwahi kumwona Kadenge kwa macho. Alimjua kwa masikio, akiwa na wenzake kwenye redio moja mtaa mzima. Hata hivyo aliweza kunieleza chenga zake kana kwamba alikuwa amekaa kandokando ya uwanja. Ustadi wa mtangazaji ulisaidia, bila shaka, lakini mtangazaji hawezi kukaa na jina moja mdomoni kwa muda mrefu kama mwenye jina hana mpira mguuni.

Na hapa nataka tujisemee na sisi. Mwaka 1965 bingwa wa ligi ya Kenya alikuwa Feisal, klabu ya Mombasa. Abaluhya ya Kadenge ilichukua ubingwa mwaka uliofuata. Yaani katika miaka ile ile ambayo Nairobi ilikuwa ikiimba jina la Kadenge, pwani ilikuwa na watu wa kukaa naye meza moja. Ali Kajo na Ahmed Breik ni majina ambayo wazee wa Mombasa hawayataji bila kutabasamu. Waulize vijana wa Kisauni au wa Likoni leo. Wengi watakutazama tu.

Turudi kwa Kadenge. Alipomaliza kucheza hakuwa na akiba ya kandanda, kwa sababu kandanda haikumlipa mshahara wa kuweka akiba. Mtu huyu ambaye nchi nzima ilijua jina lake aliendesha teksi katika barabara za Nairobi. Abiria walipanda nyuma, wakashuka, wengine bila kujua ni nani aliyewapeleka. Mwaka 2002 alikabidhiwa timu ya taifa kama kocha, akiwa na umri wa miaka 67. Mwaka 2006 alipatwa na kiharusi. Miaka ya mwisho ilikuwa ya maradhi, ya wakubwa kumtembelea na kupiga naye picha, na ya ahadi. Alifariki Nairobi tarehe 7 Julai 2019, akazikwa kwao Vihiga. Baada ya kifo chake ikatangazwa kwamba Uwanja wa City, ule wa Barabara ya Jogoo, utaitwa kwa jina lake. Watu wengi wa Nairobi bado wanauita City.

Linganisha na waliomfuata. Oliech alianzia upande wa magharibi wa jiji, katika timu ya Dagoretti Santos, kisha Mathare United, na bado kijana akaenda Qatar, halafu Ufaransa, akachezea Nantes na Auxerre. Aliifungia Kenya mabao 34. Alikuwamo pia Tunisia mwaka 2004, Kenya ilipoifunga Burkina Faso 3-0 na kupata ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Afrika, na bao moja lilikuwa lake. Oliech aliupenda mpira unaorushwa mbele yake, akimbie nao.

Olunga ni wa namna nyingine. Ni mrefu, mguu wa kushoto, anaupokea ndani ya eneo la hatari akiwa tayari anajua wavu uko wapi. Novemba 2019, akiwa Kashiwa Reysol ya Japani, alifunga mabao manane katika mchezo mmoja, timu yake iliposhinda 13-1. Mwaka 2020 alifunga 28 katika ligi kuu ya Japani na kutangazwa mchezaji bora wa ligi. Kila bao kati ya hayo lipo, unaweza kulitazama kwenye simu usiku huu.

Tofauti kubwa iko hapo. Bao la Olunga limepigwa picha kutoka pande nne, na la Oliech limerekodiwa. La Kadenge lilipita hewani likaishia masikioni mwa watu ambao wengi wao sasa wako makaburini. Kwa hiyo kijana anapodai hesabu anamdai mzee kitu ambacho nchi haikukitunza. Kukosekana kwa daftari si ushahidi kwamba mtu hakufunga.

Mtaniuliza, basi wewe unamchagua nani? Kwa kufunga, namchagua Olunga bila kusita. Kwa kuibeba jezi ya taifa miaka mingi, Oliech. Kwa kuupokea mpira na kuufanya wake mpaka lugha ikakubali, Kadenge, na sijaona anayemkaribia. Yeye hakuwa na kocha wa viungo wala daktari wa timu. Hakuwa hata na wakala wa kumtafutia klabu ng'ambo. Alikuwa na miguu na mtangazaji mmoja kutoka Freretown.

Wahenga wetu wamesema mcheza kwao hutunzwa. Kadenge alicheza kwao maisha yake yote. Alitunzwa kwa jina. Kwa mkate alijitafutia mwenyewe, nyuma ya usukani. Kwake yeye tumeshachelewa. Mbotela naye alitutoka Februari 2025, na kumbukumbu nyingi za viwanja vile zimeondoka naye.

Lakini Mombasa, Malindi na Lamu bado wako wazee waliocheza miaka ile, au waliokaa kandokando ya uwanja kila Jumapili. Wako barazani, wanacheza bao, hakuna anayewauliza kitu. Kila mmoja wetu ana simu yenye kurekodi. Nenda kwa babu, mwamkie shikamoo, mwulize Ali Kajo alikuwa akiupokeaje mpira. Mwulize Feisal ilikuwa na nani na nani, nani alicheza winga na nani alisimama golini. Andika majina na mwaka. Kisha tuletee tuyachapishe hapa, ili mjadala ukianza tena Nairobi, mzee wetu awe na cha kumwonyesha kijana.