Saa ya Gagarin na Bumu Langu

Bumu la semesta ya pili lilipoingia mwaka jana, wenzangu chumbani walinunua simu na viatu. Mimi nilinunua saa kuukuu ya Kirusi. Muuzaji aliniapia kwamba ni Shturmanskie, aina ileile aliyovaa Yuri Gagarin, binadamu wa kwanza kwenda anga za juu. Wiki tatu nilikula chai na chapati, lakini mkononi nilijiona nimevaa historia.

Kisha fundi saa mmoja mzee akaifungua mgongo, akacheka. Mashine ya ndani ilikuwa ya Pobeda, saa ya raia wa kawaida iliyoanza kutengenezwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1946, na uso wake ulikuwa umechapishwa upya. Baadaye nikajifunza na kipimo chenyewe: ukivuta kitufe cha kutilia ufunguo cha Shturmanskie halisi, mshale wa sekunde unasimama, ili marubani waoanishe saa zao. Wa kwangu unaendelea kutembea tu, hauna habari.

Hasira zilipopoa, nikaanza kumsoma mwenye saa.

Gagarin alizaliwa tarehe 9 Machi 1934 katika kijiji cha Klushino, magharibi mwa Moscow. Baba alikuwa seremala, mama akifanya kazi kwenye shamba la pamoja. Vita vilipofika kijijini, wanajeshi wa Ujerumani waliichukua nyumba yao, na familia ikahamia kwenye shimo walilochimba nyuma ya nyumba. Humo waliishi karibu miaka miwili. Kaka yake Valentin na dada yake Zoya walichukuliwa kwenda kufanyishwa kazi za kulazimishwa. Wote wawili walirudi baada ya vita.

Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo hapa nilisoma polepole. Baada ya vita familia ilihamia mji wa Gzhatsk, na huko Gagarin alifundishwa hesabu na fizikia na Lev Bespalov, mwalimu aliyewahi kutumikia jeshi la anga. Shule ilikuwa na vifaa vya kuokoteza, lakini walikuwapo watoto waliojenga ndege ndogo za mfano, na Gagarin alikuwa mmoja wao.

Hakwenda moja kwa moja chuo kikuu. Akiwa na miaka 16 alikuwa Lyubertsy, karibu na Moscow, akijifunza kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu, kazi ambayo kwetu ungeisomea VETA. Mchana kiwandani, jioni darasani kumalizia masomo aliyokuwa nayo nyuma. Kutoka hapo akaenda chuo cha ufundi cha Saratov, akawa anapakua mizigo kwenye bandari ya mto Volga apate hela ya matumizi. Saratov ndiko alikojiunga na klabu ya urubani.

Chuo cha urubani cha Orenburg nusura adisko. Alikuwa mfupi, sentimita 157, na kutua kulimshinda mara kwa mara. Mkuu wake akampa nafasi nyingine, tuiite sapu, na mwalimu akamwekea mto kwenye kiti ili aone mbele vizuri. Akatua. Mwaka 1957 akahitimu.

Sasa turudi kwenye saa. Shturmanskie haikuuzwa madukani. Ilitengenezwa na Kiwanda cha Kwanza cha Saa cha Moscow, kilichoanza mwaka 1930 kwa mitambo iliyonunuliwa kutoka kampuni ya saa iliyofilisika Ohio, Marekani, na ilikwenda kwa marubani wa jeshi. Wakusanyaji husimulia kwamba Gagarin alikabidhiwa yake alipomaliza Orenburg. Ndiyo maana leo inatafutwa sana, na ndiyo maana za kubandikabandika kama yangu ni nyingi.

Tarehe 12 Aprili 1961 aliruka kwa Vostok 1 saa 3:07 asubuhi kwa saa za Moscow, ambazo ni sawa na zetu. Chombo kilijiendesha chenyewe. Hakuna aliyejua akili ya mtu itafanyaje huko juu, hivyo usukani ulifungwa kwa namba ya siri iliyowekwa ndani ya bahasha. Aliizunguka dunia mara moja, na baada ya dakika 108 alikuwa ametua shambani, mbele ya bibi mmoja na mjukuu wake waliokuwa wakipanda viazi. Alitua kwa mwavuli, mbali na chombo chake. Serikali yake ililificha hilo kwa miaka, kwa kuwa kanuni za rekodi zilitaka rubani atue ndani ya chombo. Kumbe hata rekodi nayo ilikuwa na uso uliochapishwa upya.

Julai mwaka huohuo alialikwa Manchester, Uingereza, na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya kuyeyusha chuma. Walimwona mwenzao.

Umaarufu haukumtoa darasani. Alijiunga na chuo cha uhandisi cha jeshi la anga cha Zhukovsky na kuhitimu Februari 1968. Tarehe 27 Machi, wiki chache tu baadaye, ndege ya mafunzo aliyokuwamo na Vladimir Seryogin ilianguka. Alikuwa na miaka 34. Mji wa Gzhatsk leo unaitwa Gagarin.

Saa yangu bado naivaa. Wanaonicheka wana haki, hela ilikwenda. Ila Pobeda maana yake ni Ushindi, na ilipewa jina hilo kwa ajili ya vita vilevile vilivyompeleka Gagarin akaishi shimoni. Semesta ijayo naingia mazoezi ya kufundisha, fizikia kidato cha pili, na hiyo ndiyo nitakayotumia kupimia vipindi. Inachelewa dakika nne kwa siku, wanafunzi watanisamehe.