Allidina Visram, Mfanyabiashara wa Ziwa

Mtu tunayemsimulia safari hii hakuwa wa Kanisa letu. Allidina Visram alikuwa Mwislamu wa madhehebu ya Ismailia. Hata hivyo jina lake lilijulikana kandokando ya ziwa letu lote, na tutaona kwamba mkono wake ulifika hata kanisani.

Alizaliwa mwaka 1851 huko Kutch, India, nchi kame ambayo vijana wake wengi walilazimika kuihama. Mwaka 1863, akiwa mtoto wa miaka 12 tu, alivuka bahari kwa jahazi akafika pwani yetu, akaanza maisha Bagamoyo. Hakuwa na nyumba wala mtaji. Riziki yake aliipata kwa kumtumikia Sewa Haji Paroo, tajiri wa misafara.

Huyo Sewa Haji anastahili kukumbukwa kidogo. Ndiye aliyewapatia wapagazi wasafiri na wamisionari wengi waliokwenda bara, na mali yake aliitoa kwa shule na hospitali zisizobagua rangi. Wanaofika Muhimbili, Dar es Salaam, bado wanalikuta jina lake pale. Basi kijana Allidina alijifunza kwake kuuza na kununua, na nadhani alijifunza pia kutoa.

Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina aliendeleza kazi ya misafara. Alikuwa na maduka katika njia ya Tabora na Ujiji, kisha akageukia Uganda. Wakati huo reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa, naye akafungua maduka kadiri reli ilivyosogea. Mwishoni mwa mwaka 1901 reli ilifika ziwani, mahali panapoitwa sasa Kisumu.

Hapo ndipo habari yake inapotuhusu sisi wa Mwanza. Siku hizo hatukuwa na reli. Ngozi, karanga na nta za upande huu zilipakiwa katika vyombo vya ziwani hadi Kisumu, kisha zikateremshwa kwa treni mpaka Mombasa, ingawa Mwanza ilitawaliwa na Wajerumani na Kisumu na Waingereza. Allidina alikuwa na mashua zake ziwani, na biashara yake ilifika Mwanza, Bukoba na Shirati. Uganda alinunua pamba ya wakulima na kujenga kiwanda cha kuichambua.

Lakini utajiri wake haukuwa wa kujifungia. Vijana waliokuja kutoka India mikono mitupu, kama alivyokuja yeye, aliwapa bidhaa kwa mkopo wakaanzishe viduka vyao mahali ambapo hapakuwa na duka. Hakuwa na uhakika wa kulipwa. Wengine walilipa, wengine hawakulipa, naye aliendelea kukopesha. Mwenye duka yeyote atakayesoma haya anajua ugumu wa jambo hilo! Tena alichangia Msalaba Mwekundu, na ujenzi wa Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala, lile ambalo uani kwake amezikwa Alexander Mackay, aliyefariki Usambiro, kusini mwa ziwa letu, mwaka 1890.

Mikopo ndiyo iliyomwita safari yake ya mwisho. Mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 65 hivi, alikwenda Kongo kwa habari ya deni. Huko alipatwa na homa, na homa hiyo ikamwua.

Mwanawe Abdulrasul alijenga shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake, nayo inaitwa Allidina Visram. Biashara yenyewe haikudumu. Ilikuwa imeshikwa na kichwa cha mtu mmoja, aliyejua nani anadaiwa nini na nani wa kusubiriwa. Abdulrasul naye alifariki mwaka 1923, na maduka yakafungwa moja baada ya jingine. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, kampuni ya Allidina ilikuwa imekwisha kuanguka, lakini wengi wa wale aliowakopesha walikuwa bado wanafungua maduka yao kila asubuhi.