Mtu wa mananasi aliyeugundua ubaya wa ekzosi

Wadau, leo tumkumbuke mzee mmoja ambaye kule California jina lake ni kubwa mno, ila huku kwetu wachache wanamjua: Arie Haagen-Smit.

Jamaa alizaliwa mwaka 1900 huko Utrecht, Uholanzi. Akapiga kitabu cha kemia mpaka udaktari, na mwaka 1937 akatua Caltech, chuo kikuu kilichopo Pasadena, jirani kabisa na Los Angeles. Magari hayakuwa fani yake. Yeye alikuwa mtu wa mimea, anachunguza harufu na ladha ya nanasi inatoka wapi.

Sasa mjini hewa ilishachafuka. Mwaka 1943 ukungu mzito ulishuka Los Angeles, watu wakawashwa macho barabarani, wengine wakadhani Wajapani wamerusha sumu maana vita ilikuwa imepamba moto. Lawama zikaangukia kiwanda kimoja cha malighafi ya mpira. Kikafungwa kwa muda, ukungu uko pale pale!

Haagen-Smit akachukua vifaa vyake vya mananasi, akavuta hewa ya nje na kuigandisha kwa baridi kali. Akapata maji ya kahawia yananuka. Akaendelea kuchimba mpaka akapata jibu: mvuke wa petroli na gesi za naitrojeni kutoka kwenye ekzosi vikipigwa na jua vinazaa ozoni. Mchanganyiko huo ndio uliokuwa unawasha macho, unaunguza mboga mashambani na kupasua matairi.

Wenye mafuta walichachamaa. Wataalamu waliolipwa na sekta hiyo wakasema kakosea. Hapo ndipo mzee alipokasirika, akaacha mananasi na kuvalia njuga moshi. Mwaka 1952 alichapisha utafiti wake, na hatimaye hata wapinzani wakakubali.

Mwaka 1968 akawa mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya hewa ya California, akaanza kuwabana watengeneza magari. Kubana wakubwa kuna bei yake: mwaka 1973 Gavana Ronald Reagan akamtoa kwenye kiti. Alifariki Pasadena mwaka 1977, lakini sheria zilibaki. Kuanzia magari ya 1975, mengi mapya ya Marekani yalitoka na kile kidude kwenye ekzosi kinachosafisha moshi.

Wadau, kidude hicho ndicho mafundi wetu wanakiita masega. Gari la mtumba kutoka Japani linakuja nalo, halafu tunalichomoa gereji, eti gari livute vizuri, au tuliuze. Moshi unaobaki tunaunusa sisi wenyewe kituoni tukisubiri daladala, na jua la kuupika tunalo mwaka mzima.

Mzee wa watu alipoteza kiti kwa ajili ya pumzi za wenzake. Sisi tunazitupa gereji. Mnasemaje?