Musazi na swali la nani ashike mizani

Kama unafanya biashara ya mpakani, basi Kikuubo unakijua kuliko mimi. Ni kile kichochoro chembamba cha katikati ya Kampala, ambako katoni za sabuni na madumu ya mafuta hupita juu ya vichwa vya wapagazi tangu alfajiri. Juzi nilikwenda pale kununua madaftari nikakuta mpagazi na mwenye mzigo wakizozana. Ujira uliokubaliwa asubuhi ulikuwa umepunguzwa, na mzigo tayari uko juu ya lori. Mpagazi hakuwa na karatasi wala shahidi. Nikamkumbuka Ignatius Kangave Musazi.

Jina hilo nimelijua ukubwani. Wazazi wangu waliikimbia vita ya Luweero, mimi nikasomea Kenya, na huko tulifundishwa habari za Harry Thuku na Makhan Singh. Kumbe Musazi alizaliwa mwaka 1905 Bulemeezi, kulekule walikotoka wazazi wangu!

Alisoma Uingereza, akarudi akawa mwalimu. Angeweza kutulia na mshahara wake. Badala yake, mwaka 1938, yeye na James Kivu na wenzao walianzisha chama kilichojiita Wana wa Kintu, na wawili hao wakawaunganisha madereva wa magari katika chama chao wenyewe.

Januari 1945 vibarua waligoma. Vita ilikuwa imepandisha bei ya nguo na chakula, lakini mishahara ilibaki palepale. Mgomo ukatoka mji mmoja hadi mwingine, serikali ikaleta askari, watu wakauawa. Serwano Kulubya, mweka hazina wa Buganda, akalazimika kujiuzulu. Musazi naye alikamatwa akapelekwa mbali na kwao.

Aliporudi alikwenda kwa wakulima wa pamba, na kwa maoni yangu hapa ndipo alipoona mbali kuliko wengine. Mwafrika aliruhusiwa kulima pamba, lakini viwanda vya kuichambua vilikuwa mikononi mwa Waasia na Wazungu. Mkulima alifika na gunia lake, mwingine akalipima, mwingine akataja bei. Tena serikali ilimlipa chini ya bei ya soko la dunia, na ziada ikawekwa katika mfuko ambao yeye hakuwa na sauti juu yake. Musazi aliona kwamba huyu mkulima hana tofauti na kibarua: wote wawili hutoa jasho kwanza, kisha husubiri kuambiwa ni shilingi ngapi.

Akaongoza Muungano wa Wakulima Waafrika wa Uganda. Walitaka kuchambua pamba yao na kuiuza nje wenyewe. Aprili 1949 umati ulikusanyika Mengo kupeleka madai hayo kwa Kabaka, pamoja na dai la kuwachagua machifu. Nyumba zilichomwa, risasi zikalia. Serikali ikamtuma Sir Donald Kingdon kuchunguza, na muungano ukapigwa marufuku.

Hakukoma. Alianzisha shirikisho jingine la wakulima, akasaidiwa na Mmarekani George Shepherd. Nisifiche kitu: fedha zilikuwa haba, na shirikisho lile halikudumu. Musazi alijua kukusanya watu kuliko kutunza daftari. Hata hivyo, kwa mtandao wa wakulima haohao, tarehe 6 Machi 1952 kilizaliwa chama cha Uganda National Congress, yeye akiwa kiongozi wake na Abu Mayanja katibu mkuu. Mwaka huohuo Gavana Andrew Cohen alifungua njia ya vyama vya ushirika kununua viwanda vya kuchambua pamba. Wapo wanaomsifu Cohen peke yake. Mimi nasema bila Mengo ya 1949 mlango ule usingefunguka mapema hivyo.

Baadaye chama chake kiligawanyika kwa ugomvi wa uongozi, na uhuru ulipofika mwaka 1962 wengine ndio waliokaa mbele. Musazi alifariki mwaka 1990 akazikwa Kololo kwa heshima ya shujaa.

Na yule mpagazi? Wenzake watano waliweka chini katoni zilizobaki wakakaa juu yake. Lori lilikuwa linakwenda Busia na dereva alikuwa anapiga honi. Mwenye mzigo akalipa.