Hans Lissmann: Mtu aliyegundua jinsi samaki anavyoona gizani

Wasikilizaji wetu wa Busega, hasa wa Lamadi, Nyashimo na vijiji vingine vya kando ya Ziwa Victoria, wanamfahamu domodomo. Ni samaki mwenye mdomo mrefu ulioinama kama mkonga mdogo. Macho yake ni madogo, hutoka kutafuta chakula usiku, na hupenda kuchokonoa matope akitafuta wadudu. Wavuvi wanajua anakopatikana. Lakini anapitaje kati ya mawe, usiku, kwenye maji yaliyochafuka, bila kujigonga?

Jibu lina historia ndefu, na ndani yake yumo mtu mmoja aitwaye Hans Werner Lissmann. Leo tunasimulia maisha yake, kwa sababu kazi yake inamhusu samaki wetu moja kwa moja.

Lissmann alizaliwa mwaka 1909 katika mji wa Nikolayev, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya Urusi na leo uko Ukraine. Wazazi wake walikuwa Wajerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliokuwa Urusi walihesabiwa kuwa watu wa upande wa adui, na familia yake ikahamishwa mbali na nyumbani. Baada ya vita walikwenda Ujerumani. Huko, katika mji wa Hamburg, kijana Hans alisoma elimu ya wanyama chini ya Jakob von Uexküll. Mwalimu huyu alifundisha kwamba kila mnyama anaishi katika dunia yake mwenyewe, kulingana na anachoweza kukihisi. Dunia ya mbwa imejaa harufu, na ya popo imejaa sauti. Mwanafunzi hakusahau somo hilo.

Wanazi walishika madaraka Ujerumani mwaka 1933. Lissmann hakutaka kuwatumikia, na mwaka 1934 akafika Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akisaidiwa na watu waliokuwa wakiwapokea wasomi waliokimbia nchi zao. Hata huko hakupata utulivu moja kwa moja. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, alihesabiwa tena kuwa raia wa nchi adui akawekwa kizuizini kwa muda. Mtu huyohuyo aliadhibiwa mara mbili, na nchi mbili tofauti, kwa sababu ya asili yake. Alipoachiwa, alirudi kwenye samaki wake.

Siku moja, katika bustani ya wanyama ya London, Lissmann alimtazama samaki mrefu kutoka Afrika akiogelea ndani ya tangi. Jina lake la kisayansi ni Gymnarchus niloticus, na ni ndugu wa mbali wa domodomo. Haishi Ziwa Victoria. Anapatikana mto Nile na mito ya Afrika Magharibi. Lissmann alishangazwa na jambo moja. Samaki huyu aliweza kurudi kinyumenyume kwa wepesi uleule wa kwenda mbele, akapita kati ya vizuizi bila kugusa hata kimoja. Macho yake ni dhaifu, na tena hayako mkiani. Basi nini kilimwongoza?

Baadaye Lissmann alipata samaki wa aina hiyo wa kwake, aliyepewa kama zawadi ya harusi. Alitumbukiza nyaya mbili kwenye maji ya tangi, akaziunganisha na mashine ya kukuza umeme mdogo na nyingine yenye kioo cha kuonyesha mawimbi ya umeme. Ni vifaa vya ukoo mmoja na hivi tunavyovitumia studio. Kioo kilionyesha kwamba mkia wa samaki ulikuwa ukitoa umeme bila kukoma, takriban mara 300 kila sekunde. Umeme huo ni mdogo mno. Mtu akitia mkono majini hasikii shoti yoyote. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1951.

Lakini kujua kwamba samaki anatoa umeme si sawa na kujua kwamba anautumia kuona, na samaki hawezi kuulizwa kwa maneno. Kazi kubwa ya Lissmann, pamoja na mwenzake Ken Machin, ilikuwa kutengeneza kifaa ambacho kingemfanya samaki ajibu kwa vitendo.

Kifaa chenyewe kilikuwa chungu cha udongo. Wote tunaujua mtungi wa maji unaotoa jasho, kwa kuwa udongo wake una matundu madogo sana. Chungu cha namna hiyo kikilowa, umeme hupita kwenye matundu yale. Lissmann alichukua vyungu viwili vinavyofanana kabisa. Ndani ya kimoja aliweka maji ya tangi, na ndani ya kingine kitu kisichopitisha umeme, kwa mfano nta au kioo. Kwa nje vyungu havikuwa na tofauti ya kuonekana wala ya kugusa. Samaki akikaribia chungu sahihi alipata chakula, akikaribia kingine alifukuzwa.

Samaki alijifunza kuchagua chungu sahihi. Vyungu vilipobadilishwa nafasi, bado alichagua sahihi. Kisha Lissmann akaanza kumpima kwa ugumu zaidi. Kijiti cha kioo chenye unene wa milimita 2 tu kilipofichwa ndani ya chungu cha maji, samaki alikitambua. Kijiti chembamba zaidi, chini ya milimita 1, kilimshinda. Hapo ndipo mpaka wa hisia yake ulipojulikana. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1958.

Maelezo yake ni haya. Umeme wa samaki hutandaa majini kumzunguka. Kitu kinachopitisha umeme vizuri huuvuta kuelekea kwake, na kisichopitisha huufanya uzunguke pembeni, kama maji ya mfereji yanavyolizunguka jiwe. Ngozi ya samaki ina vinyweleo maalumu vya kuhisi badiliko hilo. Ndiyo maana samaki huyu huogelea akiwa amenyoosha mwili kama fimbo, akitumia pezi refu la mgongoni. Akijipinda, ataivuruga picha yake mwenyewe. Hisia hiyo ni kali kiasi kwamba mtu akichana nywele kwa kitana karibu na tangi, samaki hushtuka.

Lissmann hakuishia maabara. Alisafiri hadi Ghana, akawasikiliza samaki hawa mtoni, katika maji machafu ya Black Volta, ili ajue kama wanayofanya tangini wanayafanya pia nyumbani kwao.

Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa dunia, Winthrop Kellogg wa Florida, Marekani, alikuwa akimuuliza pomboo swali kama hilo. Pomboo ni yule mnyama wa baharini ambaye wenzetu wa Kizimkazi, Zanzibar, wanamwona kila mara. Kellogg aliweka pomboo kwenye bwawa la maji machafu, akaning'iniza nguzo za chuma ndani yake, na kufunga mitambo ya kurekodi kila nguzo ikigongwa. Pomboo walipita katikati. Wao hutumia mwangwi wa sauti zao, siyo umeme. Wanyama ni tofauti kabisa, ila njia ya kuwapima ilikuwa moja: ondoa msaada wa macho, weka kizuizi, kisha hesabu makosa.

Ugunduzi wa Lissmann ulisaidia pia kutegua kitendawili cha zamani. Mwaka 1859 Charles Darwin alikiri kwamba ni vigumu kueleza jinsi samaki wenye shoti kali walivyopata silaha yao hatua kwa hatua, kwa kuwa umeme mdogo ulionekana hauna faida. Lissmann alionyesha faida yake: umeme mdogo ni macho ya gizani. Mwaka 1954 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya Uingereza. Alifariki mwezi Aprili 1995, akiwa na miaka 85.

Domodomo wetu naye hutoa umeme wa namna hii, ingawa wake hutoka kwa vipindi visivyolingana. Ukigeuzwa kuwa sauti kupitia spika, husikika kama mikwaruzo ya redio iliyokosa mawimbi. Usiku huu, wakati ninyi mnatusikiliza, mawimbi hayo yanatandaa chini ya mitumbwi ya Ghuba ya Speke.

Samaki wengi wa asili wa Ziwa Victoria wamepungua tangu sangara aletwe, na nyavu zenye matundu madogo zinaendelea kukokota watoto wao. Domodomo hana bei ya sangara, na kwa hiyo ni rahisi kumpuuza. Lakini mtu aliyefukuzwa huku na kule alitumia miaka mingi ya maisha yake, na vyungu vya udongo, kutuonyesha kwamba ndugu zake domodomo wana hisia ambayo binadamu hatuna. Mvuvi akimpata mtoto wa domodomo wavuni akiwa bado hai, tunamwomba amrudishe ziwani.