Charles Darwin na Panya wa Kisiwani

Charles Darwin alizaliwa mwaka wa 1809 katika mji wa Shrewsbury, nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa tabibu, naye alisikitika sana, maana aliona mwanawe hajali kitu ila bunduki, mbwa na kukamata panya. Akaogopa atawatia aibu jamaa zake wote. Akampeleka Edinburgh asome utabibu. Kijana hakuupenda. Lakini huko alimwendea John Edmonstone, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa Guyana kisha akapata uhuru, akamlipa amfundishe kuchuna ndege na kutengeneza ngozi zao zisioze. Mwalimu huyo hatajwi mara nyingi, na faida ya kazi yake ilikuwa kubwa.

Mwisho wa mwaka wa 1831 Darwin alisafiri katika merikebu Beagle, iliyotumwa kupima pwani za Amerika ya Kusini. Mwaka wa 1833 alikaa majuma 10 Maldonado, katika nchi ya Uruguay. Akatega mitego, na watoto wa mji akawapa fedha kidogo wamletee wanyama. Hata akapata panya wa namna 8. Kazi hiyo yataka haraka, maana penye joto mzoga mdogo huoza upesi. Basi akamfundisha mtumishi wake, Syms Covington, kuchuna kama alivyofundishwa yeye. Kila mnyama alitiwa namba, na habari zake zikaandikwa daftarini.

Mwezi wa Septemba, 1835, merikebu ikafika visiwa vya Galápagos, vilivyo penye ikweta. Katika kisiwa cha San Cristóbal, karibu na pwani, palikuwa na panya wengi vichakani, juu ya mawe meusi ya volkano, mahali pakavu pasipo maji matamu. Darwin akachukua wachache.

Alirudi kwao mwaka wa 1836, na mwaka wa 1839 mtaalamu George Waterhouse akawapa panya wale jina lao. Darwin akaandika vitabu vilivyosomwa duniani kote. Alikufa mwaka wa 1882, akazikwa Westminster Abbey, London, pamoja na wakuu wa nchi.

Lakini merikebu zilizotia nanga visiwani zilileta panya weusi, na yadhaniwa kuwa hao ndio waliowaangamiza wenyeji. Wataalamu waliofuata waliwatafuta San Cristóbal wasiwaone. Jamaa zao wamesalia katika kisiwa kidogo cha Santa Fe.